Marehemu wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Nchi ya Tosha haionekani kwenye ramani, na wenyewe wanasema ni kwa sababu za usalama. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, ina mawaziri thelathini na wanane, na ina Mlezi Mkuu ambaye amewalea wananchi wake kwa miaka ishirini na sita bila kupumzika, ingawa wananchi wenyewe wamemwomba mara kadhaa apumzike. Msomaji wa nchi nyingine asione wivu.

Homa ya Mbavu ilipoingia Tosha, serikali haikubabaika. Siku ya kwanza ilitangaza kwamba homa haipo. Siku ya pili ikatangaza kwamba ipo, lakini imedhibitiwa. Siku ya tatu ikafunga shule, masoko, magulio, nyumba za ibada na mipaka, ikawaamuru watu wote wakae ndani mpaka homa yenyewe ichoke. Watu wakakaa. Wenye majokofu walikaa vizuri sana, na wengi wao walijifunza kuoka keki.

Mbunge mmoja, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa balozi kwenye kisiwa kisicho na watu, aliuliza bungeni waliofungiwa ndani wanakula nini. Waziri wa Shibe na Takwimu, Mheshimiwa Daktari Mshamu Kabuta, alisimama, akaiweka sawa barakoa yake ya hariri, akajibu kwamba serikali ya Tosha haibahatishi, inapima. Kwa kuwa makarani hawawezi kuingia majumbani mwa watu kwa hofu ya homa, wizara imebuni njia ambayo hata nchi zilizoendelea hazinayo. Kila siku saa sita mchana karani atapanda juu ya tangi la maji la kata yake akiwa na darubini, atahesabu moshi. Nyumba yenye moshi inapika. Inayopika inakula. Inayokula imeshiba. Wabunge walipiga meza mpaka glasi za maji zikaanguka.

Fomu ya Moshi ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza iliandikwa WAMEKULA. Kuhusu ya pili wataalamu walikaa semina ya siku nne kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakijiuliza nyumba isiyo na moshi iandikwe nini. Waliafikiana kwamba mtu mwenye akili timamu na aliye hai lazima atapika. Basi nyumba isiyotoa moshi kwa siku tatu mfululizo, watu wake wamekwisha kufa kwa homa. Safu ya pili ikaandikwa WAMEFARIKI. Safu ya tatu haikuwepo, kwa kuwa karatasi iliisha upana.

*

Katika Mtaa wa Mbaazi, nyumba namba kumi na nne, aliishi Mwasiti na binti zake wawili. Mkubwa alikuwa na miaka mitano na aliitwa Mashavu, jina alilopewa siku ya kuzaliwa kwa sababu iliyoonekana wazi siku hiyo. Mdogo aliitwa Tunu, mwaka mmoja na nusu. Baba yao alikuwa utingo wa lori, na siku mipaka ilipofungwa lori lilikuwa upande wa pili. Katika simu yake ya mwisho alisema anakula maembe ya porini na kwamba wasiwe na wasiwasi.

Kabla ya homa Mwasiti alikuwa akiuza vitumbua kwenye geti la shule ya msingi. Vitumbua vyake vilisifiwa. Walimu walikuwa wakituma watoto katikati ya hesabu. Shule ilipofungwa, alikula na wanawe mchele wa biashara, halafu sukari ya biashara, halafu wakala hiliki. Mwezi wa pili ulipoingia kilichobaki ni chuma cha kuchomea, na chuma hakiliki.

Na bado kila siku saa sita mchana, Mwasiti aliwasha moto.

Hapa lazima wageni waelezwe jambo moja kuhusu Mtaa wa Mbaazi. Mwanamke wa mtaa ule anaweza kukosa vingi, lakini hawezi kukosa moshi. Jiko likilala, majirani watajua. Majirani wakijua, watamwonea huruma, na afadhali homa kuliko huruma ya majirani. Kwa hiyo asiye na unga huteleka maji. Akiwa mjanja hukoroga kwa mwiko, na akiwa mjanja zaidi hugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu, kama mtu anayekung'uta ugali. Mwasiti aligonga. Upande wa pili wa ua jirani yake, Bi Hadia, mjane anayelea wajukuu watatu, naye aligonga. Mwasiti akisikia vile alimeza mate na kujisemea moyoni kwamba wenzake wanakula. Bi Hadia alijisemea hivyo hivyo.

Juu ya tangi la maji Karani Lugendo alihesabu nyumba sitini na mbili, moshi sitini na mbili. Wizara ikaupa Mtaa wa Mbaazi hati ya Mtaa Ulioshiba, na mjumbe wa mtaa, Mzee Singano, akaitundika ukutani kwake juu ya picha ya harusi yake.

Mashavu alijua kunyamaza. Alishafundishwa kwamba maji ya moto yenye chumvi ni supu, na aliyanywa bila maswali, jambo lililomuumiza mama yake kuliko kama angelia. Tunu ndiye aliyemtisha. Mtoto yule alikuwa amekwisha kutembea. Mwanzoni mwa homa alikuwa akitoka mlangoni hadi kwenye ndoo, akianguka, akicheka, akiinuka. Sasa nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya vumbi, miguu imevimba, na ukimsimamisha alikaa chini taratibu na kukutazama. Alikuwa ameacha kutembea. Mwasiti alijaribu kumwita kwa kijiti, kwa wimbo, kwa kifuniko cha sufuria, na mtoto akabaki pale pale.

*

Zahanati ilikuwa ikipokea watu dirishani, hatua nne kutoka kwa nesi. Mwasiti alimnyanyua Tunu juu ili aonekane. Nesi hakuhitaji mizani. Aliitazama kadi ya kliniki kwa mbali, akatazama miguu, akasema huyu anahitaji unga wa lishe, na anauhitaji leo, wala si wiki ijayo. Mwasiti alimwomba ampe. Nesi alisema unga upo, umejaa stoo mpaka unaziba mlango, lakini hautoki bila barua ya Wizara ya Shibe kwamba mtoto ana njaa. Alisema hivyo akitazama pembeni.

Barua hutolewa ofisi ya kata. Pale Karani Lugendo, aliyekuwa ametoka tu kushuka tangini na bado ana alama ya darubini kuzunguka jicho moja, alifungua kitabu chake.

"Nyumba namba kumi na nne," alisoma. "Siku hamsini na nane, moshi hamsini na nane. Hongera sana, dada. Hata kwangu hatuna rekodi hiyo."

"Ndugu karani, ule moshi ni wa maji."

"Maji hayatoi moshi. Yanatoa mvuke. Tulifundishwa kwenye semina."

"Kuni ndizo zinazotoa moshi. Sufuriani ndimo mna maji. Maji matupu."

Lugendo alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya afikiri kwa muda mrefu. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa, kwa nini mtu asiye na cha kupika awashe moto kila siku bila kukosa. Mwasiti aliinamisha uso. Aliona aibu, na aibu ile ilimkasirisha, kwa sababu alikuwa amembeba mtoto mwenye miguu iliyovimba na bado alichokifikiria ni majirani watasema nini.

"Mimi naandika ninachokiona," alisema Lugendo kwa upole. "Sina pa kuandika ninachoambiwa. Ukitaka wizara ikuelewe, zungumza nayo kwa moshi."

Alimgongea mhuri kwenye kipande cha karatasi kuthibitisha kwamba amefika ofisini na ameridhika na huduma.

*

Kesho yake saa sita mchana nyumba namba kumi na nne haikutoa moshi. Mwasiti alikaa upenuni, mikono mapajani, Tunu miguuni pake. Aliusikia mtaa mzima ukigonga miiko. Baadaye kidogo kichwa cha Bi Hadia kikachomoza juu ya ua.

Bi Hadia aliuliza kama kuni zimelowa. Mwasiti alisema hazikulowa. Bi Hadia aliuliza kama kiberiti kimekwisha, anacho, amrushie. Mwasiti alisema kiberiti kipo. Baada ya hapo hakukuwa na swali lingine ambalo mtu mwenye heshima angeweza kuuliza, na kichwa cha Bi Hadia kikashuka polepole.

Mjumbe Singano alifika kabla ya alasiri, akasimama barabarani kwa sababu ya homa na kuzungumza kwa sauti ya kusikika nyumba zote sitini na mbili.

"Mama Mashavu, unatuvunjia mtaa. Tuna hati sisi. Waziri ameahidi kuja kupiga picha."

"Sina cha kupika, mzee wangu."

"Nani amekuambia upike? Mimi nimesema uwashe."

Hakuwasha. Siku ya pili hakuwasha. Siku ya tatu Tunu hakutaka hata kukaa, alilala tu ubavu, na Mwasiti alikaa akihesabu pumzi zake na kuangalia tangi la maji kule juu, ambako jua lilimetameta kwenye kioo cha darubini. Hakuwa na hakika serikali ingesikia. Alijua tu kwamba hana kitu kingine cha kuiambia.

Serikali ilisikia. Asubuhi ya siku ya nne gari jeupe lenye vipaza sauti liliingia mtaani, wakashuka wanaume wanne waliovaa ovaroli za plastiki. Mmoja alichora alama kubwa kwa chaki kwenye mlango. Wa pili akafungua karatasi na kutangaza kwa huzuni ya kitaaluma kwamba Bi Mwasiti wa nyumba namba kumi na nne, pamoja na watoto wake wawili, wameitwa mbele ya haki kwa Homa ya Mbavu, na kwamba Mlezi Mkuu ameupokea msiba huo kwa mshtuko.

Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwasiti ni mimi," alisema.

Msomaji wa tangazo alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema.

"Ninakuambia mwenye kufa ni mimi. Na mimi huyu hapa."

"Tunaelewa. Msiba unachanganya." Aligeuka kwa mwenzake aliyeshika fomu. "Kwenye miili andika imebaki na familia."

Hapo ndipo walipofungua mlango wa nyuma wa gari. Wananchi wa Tosha wanalijua jambo hili, lakini mgeni atashangaa. Mlezi Mkuu anapenda misiba. Hajapata kukosa mazishi ya mtu maarufu, hulia vizuri mbele ya kamera, na siku homa ilipoingia alitamka kwa kinywa chake kwamba serikali yake inaweza kumsahau mtu aliye hai, kwa kuwa walio hai ni wengi na wana kelele, lakini haitamtupa marehemu hata mmoja. Akaamuru kila nyumba iliyofiwa ipelekewe rambirambi ya chakula kila Ijumaa mpaka homa itangazwe kwisha. Kwa marehemu mtu mzima ni mchele, maharage, mafuta na majani ya chai. Kwa marehemu mtoto ni unga wa lishe, maziwa ya unga na sukari, kwa sababu msiba wa mtoto unauma zaidi.

Walishusha mzigo wa marehemu watatu. Mwasiti alitia sahihi kama mfiwa.

*

Alikaa chini kando ya mifuko na kulia, akiwa na furaha na hasira kwa pamoja, na hakuweza kusema ipi ilikuwa kubwa. Halafu akainuka haraka atafute kuni, na alipokuwa ameshika kiberiti mkononi ndipo akili ilipomrudia. Akiwasha, moshi utapanda. Moshi ukipanda, Lugendo ataandika WAMEKULA. Wakishaandikwa wamekula watakuwa hai, na walio hai hawana rambirambi. Alikuwa na chakula cha wiki nzima na hakuruhusiwa kukipika.

Aliyemwokoa ni Bi Hadia. Kichwa chake kilichomoza tena juu ya ua, safari hii kimefungwa kanga nyeusi.

"Mama Mashavu," alisema. "Tangu lini nyumba yenye msiba ikawasha moto? Nipe huo unga. Wafiwa hupikiwa na majirani."

Mwasiti alimpitishia mfuko juu ya ua. Alimpitishia na mchele, na maharage. Akasikia kuni zikivunjwa upande wa pili, akasikia uji ukianza kutokota, sauti nzito ambayo maji matupu hayana. Alipochungulia kwenye upenyo aliwaona wajukuu watatu wa Bi Hadia wameizunguka sufuria, na Bi Hadia amefunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika.

"Na wewe?" aliuliza Mwasiti.

"Mwezi na nusu," alisema Bi Hadia. "Nilikuwa nasikia unavyogonga mwiko, nikasema mwenzangu kajaliwa."

Walitazamana kwenye upenyo ule, wanawake wawili waliokuwa wamedanganyana kwa bidii mchana baada ya mchana, wakaanza kucheka, na katikati ya kicheko Bi Hadia akampitishia bakuli. Tunu alikunywa vijiko vitatu, akatapika. Akapewa vingine viwili, vikakaa. Jioni ile alikunywa tena, akalala akiwa ameshika kidole cha mama yake kwa nguvu ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Wiki iliyofuata Bi Hadia naye alifariki, yeye na wajukuu wake wote. Ijumaa baada ya hapo zilifariki nyumba kumi na moja. Ugumu ulikuwa kwa yule wa kwanza tu. Baada yake watu walikufa kwa raha, wakisaidiana kubeba mifuko. Wiki ya tano nyumba zote za Mtaa wa Mbaazi zilikuwa zimekwisha, isipokuwa ya Mjumbe Singano. Yeye alisema kiongozi hawezi kufa bila kibali cha ngazi za juu, na kibali alikwisha kukiomba kwa maandishi.

Ikawa bahati. Mtaa mzima wenye msiba ulihitaji jirani mmoja aliye hai wa kuupikia, na jirani aliyebaki ni mjumbe. Uani kwake yakapangwa mafiga kumi na mawili. Wanawake marehemu walipika kwa zamu, watoto marehemu walikaa mistari miwili kwenye mkeka, na mjumbe alizunguka akionja maharage na kulalamika chumvi. Karani Lugendo, juu ya tangi lake, aliandika kwamba mtaa una nyumba moja hai, na kwamba nyumba hiyo inakula kwa kiwango kisicho cha kawaida.

Ni pale uani kwa mjumbe, mchana mmoja wa Jumatano, Tunu alipoachia kanga ya mama yake na kwenda peke yake mpaka kwenye figa la karibu, akasimama, akageuka kuona kama kuna anayemtazama. Mwasiti alikuwa anamtazama. Hakuthubutu hata kupiga makofi.

*

Wizarani mambo hayakuwa mazuri. Mlezi Mkuu alikuwa amewaambia wakuu wa nchi jirani, kupitia kwenye skrini, kwamba Tosha ndiyo iliyofiwa na watu wachache kuliko zote. Sasa zikaja takwimu za Mbaazi, halafu za mtaa wa pili, halafu za kata nzima. Waziri Kabuta alipigiwa simu na akasimama wima muda wote wa simu hiyo. Rambirambi haikuweza kufutwa, kwa kuwa ilitamkwa kwa kinywa cha Mlezi Mkuu, na kinywa kile hakikosei. Kilichoweza kufutwa ni vifo.

Ikatangazwa Siku ya Kitaifa ya Kurejea Hai. Turubai likafungwa mwanzoni mwa mtaa, meza ikawekwa, viti vya plastiki vikapangwa mbali mbali, na waziri akaja mwenyewe na hotuba ya kurasa tisa.

"Ndugu marehemu," alianza waziri, na watu walipiga makofi. Alisema serikali yao sikivu imesikia kilio chao huko waliko. Alisema kufa bila kufuata utaratibu ni hujuma kwa uchumi, lakini Mlezi Mkuu, kwa moyo wake wa mzazi, amewasamehe. Kila mtu atakayejiandikisha atapewa Cheti cha Uhai na kofia. Alikumbusha pia kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, na kwamba hakuna marehemu atakayeruhusiwa kuuza kitu kwenye geti la shule. Kwa heshima ya katiba, alimaliza, kurejea hai ni hiari, na asiyetaka atajaza sababu kwenye mstari wa chini wa fomu, ingawa serikali haitarajii mtu kama huyo.

Watu walipanga foleni. Mwasiti alikuwa wa kwanza, kwa vile ndiye aliyetangulia kufa. Alimbeba Tunu kiunoni, Mashavu amemshika nguo. Mezani alikuwa Karani Lugendo, jicho lake moja bado lina duara.

Mwasiti alikuwa amefikiri tangu asubuhi. Alihitaji kuwa hai ili auze vitumbua. Ila vitumbua vya Jumatatu vilihitaji mchele wa Jumapili, na watoto wa shule wangerudi na njaa zao na mifuko mitupu. Ingechukua wiki kadhaa, labda miezi, kabla biashara haijaweza kulisha mtu. Aliyajua hayo vizuri kuliko wizara.

"Nikirejea hai," aliuliza, "utatuandika safu gani?"

"Wamekula," alisema Lugendo.

"Na chakula?"

"Dada, ukishaandikwa umekula, chakula cha nini tena?"

"Asiyerejea je?"

Lugendo alitazama nyuma kuona waziri yuko wapi. Waziri alikuwa anapigwa picha na Mjumbe Singano, ambaye hakuwa na cha kurejea lakini alikuwa ameomba kofia. Karani akashusha sauti. "Rambirambi itaendelea kila Ijumaa. Hiyo haiguswi."

Mwasiti alimshusha Tunu chini, na mtoto akasimama kwa miguu yake pale mbele ya meza, akaushika mguu wa meza na kuanza kuulamba.

"Basi mimi niandike hai," alisema Mwasiti. "Nina kazi Jumatatu. Na huyu mkubwa, huyu hapa. Mashavu, unataka kuwa hai?"

Mashavu aliuliza kama kofia ni za watoto pia. Lugendo alisema hapana, na Mashavu akasema basi hataki.

"Hawa wawili waache marehemu."

Lugendo aliinua kalamu. Aliwatazama watoto mmoja mmoja bila darubini. "Lazima nijaze sababu," alisema. "Kwa nini watoto hawataki kurejea?"

"Bado wanakua," alisema Mwasiti.

Lugendo aliandika, Bado wanakua, kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri. Bi Hadia, aliyekuwa hatua nne nyuma na wajukuu watatu, alisikia kila neno, na wa nyuma yake alisikia kwa Bi Hadia, na maneno yakasafiri foleni nzima mpaka mwisho wa mtaa. Watu wazima wakarejea hai wote, mmoja mmoja, wakapokea kofia. Mchana ulipomalizika Lugendo alikuwa ameandika sababu ile ile mara mia moja na kumi na tisa, na wino ulikuwa umemwishia, akaomba kalamu kwa dereva wa waziri.

Jumatatu jioni, vitumbua vikiwa vimebaki zaidi ya nusu, Mwasiti alikaa upenuni akimnywesha Tunu uji wa rambirambi. Redioni Waziri Kabuta alikuwa anatangaza matokeo. Zoezi limefana, alisema. Taifa linapaswa kujivunia, kwa sababu wizara imepekua madaftari yote ya kata ile na haikumkuta mtoto hata mmoja aliye hai, wa miaka mitano kushuka, mwenye njaa. Redio ikapiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na moja.

Marehemu alimaliza uji kabla ya ubeti wa tatu, akanyoosha kikombe aongezwe.